Baba wa Jukwaani

Sie tuliokulia Mlandege miaka ya hamsini, kabla watoto hawajatembea na sinema mfukoni, tulikuwa na Ami Machano. Siku za kazi alishona viatu kwenye baraza iliyotazamana na nyumba yetu. Sikukuu ikifika, alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa skuli akawa baba wa mtu. Siku zote baba, na siku zote maskini: muuza kahawa mwongo, mchukuzi mkali, mvuvi mvivu. Nusu ya mchezo tulimchukia. Mwishoni tulitamani atuchukue kwake.

Kilichonishughulisha ni kwamba Ami Machano hakuwa na mtoto. Mimi na shoga yangu Mwanaidi tulikuwa tukiruka kamba mbele ya baraza yake ili tumchungulie. Ubaba ule aliutoa wapi? Siku moja nikamuuliza. Akatoa misumari mdomoni, akacheka.

"Mwanangu, kuta za Mlandege nyembamba."

Sikumwelewa mpaka Idi ilipofika.

Baba yangu alikuwa hamali wa bandarini. Alirudi nyumbani akinukia karafuu na jasho, mgongo umechoka, hasira zi karibu. Michezo haikuwa yake, lakini sikukuu ya pili mama alimbembeleza mpaka akaja. Tukakaa mbele, mimi na gauni jipya linalonikwaruza shingo, tunamumunya ubuyu.

Pazia likafunguka, Ami Machano akaingia na gunia mgongoni. Akakuta kioo cha taa kimevunjika, na bila ya kuuliza akamzaba binti yake kibao. Kumbe aliyevunja ni paka. Yule baba akatoka, akarudi na halua kwenye karatasi, akaiweka mkekani huku kageuza uso.

"Kula. Usije ukalala na njaa, watu wakanisema."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikuweza. Maneno yale niliambiwa mimi, chumbani kwetu, shavu bado linawaka moto, na kioo kilivunjwa na paka wetu. Nikamtazama baba. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Mchezo ulipokwisha akanishika mkono tukenda nyuma ya jukwaa. Ami Machano alikuwa akijifuta masizi usoni.

"Machano, umenianika mbele za watu."

"Sikukutaja jina, Bwana Khamis."

Baba akapiga hatua mbele. Nilidhani atampiga. Kisha sauti ikamshuka.

"Basi ungelimaliza vizuri. Ungelimfanya yule baba amtake radhi mtoto."

"N'lijaribu, haikuja," Ami Machano akajibu. "Wewe hukumtaka radhi. Mimi maneno ningeyatoa wapi?"

Tukarudi kwa miguu, mama mbele, sisi nyuma. Tulipofika Darajani baba akasimama, akainama kama anayetengeneza ndara yake.

"Salma."

"Naam, baba."

"Siku ile ya kioo cha taa, n'likuonea. Nisamehe."

Hakuna aliyenifundisha mtoto ajibu nini akiambiwa hivyo. "Haya, baba," nikasema, kana kwamba kaniagiza maji. Alisimama akanishika mkono tena, na hakuuachia mpaka mlangoni.

Sikukuu ya tatu nilikwenda tena na Mwanaidi. Ami Machano alipofika pale pa halua, akasita, akachutama mbele ya binti. "N'likuonea. Nisamehe." Safari hii hapakuwa na aliyecheka. Nani alimpa maneno yale? Baba hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza, ingawa asubuhi ile mama alimwona amekaa kwenye baraza ya fundi na viatu visivyo na tatizo lolote.

Wajukuu zangu wana baba anayewaambia anawapenda hata akitoka kwenda kununua mkate, nao hawainui macho kwenye simu zao. Nafurahi kwa ajili yao, wallahi nafurahi. Ila huwa najiuliza kama watapata kuijua hamu tuliyokuwa nayo sie, ya kumtazama mtu mzima usoni, kimya, tukingoja neno limtoke.