Ndovu wa Wifi na Nyuki Wangu

Leo nimemwonea wivu ndovu wa karatasi. Chekeni tu.

Ile gemu ya kadi niliyowatengenezea watoto, ya kulinda shamba la mahindi lisivamiwe na ndovu, leo tumeipeleka saiba hapa Voi iprintiwe. Mimi niliandika sheria na kuchora nyuki. Wifi yangu Mghoi alichora ndovu. Ilibaki kuamua picha ya juu ya boksi, na moyoni nilitaka iwe yangu.

Jamaa wa saiba kuona ndovu, akaita wenzake. "Kujeni muone! Huyu anapumua!"

Kisha akashika kadi yangu.

"Na huyu nzi ni wa nini, mathe?"

Nzi!

Nikamwambia ngoja kwanza, kuna sheria nimesahau. Nikaiongeza hapo hapo: Nyuki mmoja anafukuza ndovu wote.

(Na si uongo. Waulizeni watu wa Sagalla waliotundika mizinga ya nyuki kwa ua wa mashamba.)

Wifi akaisoma, akaniangalia, akacheka mpaka akashikilia meza. Halafu akachukua kalamu, akachora ya boksi: ndovu wake anatoroka mkia juu, na nyuma yake nyuki wangu, vile vile nilivyomchora, na tumbo lake kubwa.

"Hapo sawa, wifi?"

Sasa ona. Mkono mzuri, na roho nzuri pia. Mimi nibaki na nini?

Boksi ndilo hilo kwa picha. Semeni ukweli, ni nyuki ama ni nzi?

Wifi, wewe usijibu.