Gari la Doria Lililonifuata Karatu

Ndugu zangu, leo nimepigiwa makofi Malambo, na yameniuma kuliko kuzomewa.

Nilialikwa kuhutubia hafla ya gari jipya la doria ambalo serikali imekipa kituo cha polisi. Nikatamka kwa madaha kwamba sasa askari atamfikia mwananchi mapema. Watu wakanipigia makofi.

Akasimama mama mmoja mfugaji.

"Mwalimu, umesema vizuri. Alfajiri ng'ombe wangu wameibwa. Nikaja kituoni nyayo zikiwa bado mbichi. Nikaambiwa gari limemfuata mgeni Karatu. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nyayo zimeshakanyagwa na mifugo iliyokwenda kunywa maji."

Nikakunja hotuba. (Zilibaki kurasa tatu!)

Gari limeondoka na yule mama kutafuta ng'ombe. Nami niko barabarani, shuka la zawadi mabegani, nangoja basi.

Ninyi mngemjibu nini?