Chumba cha Mlango Mmoja

Juzi nilikuwa natoka Mikumi kwenda Kilosa, na nilipokaribia mjini nikaona mabati mapya yamesimama kwa safu kwenye uwanja waliohamishiwa watu wa mafuriko. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ndugu yangu, hayakunijia machozi. Niligeuza uso tu. Chumba kile nakijua, nilikulia humo baada ya mto kutufukuza.

Kabla ya hapo tulikuwa na nyumba mbili za udongo zilizopeana mgongo: moja ya baba na mama, nyingine ya bibi mzaa mama, na mimi nililala kwa bibi. Katikati palikuwa na jiko la matete. Bibi alisonga ugali, akapika mlenda wenye karanga, nami nikapeleka sahani ya baba. Sikuwahi kuwaona wakila pamoja. Baba akitokea njiani, bibi aliingia majanini mpaka apite. Usidhani walichukiana. Walikuwa wakwe, na bibi alipenda kusema kuwa mkwe mwema humwoni, unamsikia akikohoa tu.

Mto ukazibeba nyumba zote mbili. Tukakaa kwenye mahema, kisha yakaja mabati, kila kaya chumba chake, na sisi tukaandikwa kaya moja. Aliyesimamia ujenzi alikuwa kijana mtaalamu wa michoro, viatu vyake havina tope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlango wangu uko wapi?"

Akamwonyesha ule ule wa wote.

"Wewe kwako unalala chumba kimoja na mama mkwe wako?"

Kijana akacheka. Akasema ni kwa muda tu, na mchoro umeshapitishwa. Mchoro! Walipima kila kitu pale, hadi upana wa mitaro, lakini hakuna aliyeuliza nani halali na nani.

Basi bibi akajijengea kibanda cha matete nyuma ya bati, akalala humo. Baba naye angelala vipi ndani huku mama mkwe yuko nje? Akahamia kwenye upenu wa jirani. Chumba tukabaki nacho mama na mimi, na mchana hakuna aliyeweza kukaa humo kwa joto. Alfajiri bati lilitoa jasho likatudondokea usoni. Choo walikijenga kuelekea mlangoni kabisa, kwa hiyo nzi waliyaonja maharage ya msaada kabla yetu. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyobunguliwa, natema mate.

Masika yalipokaribia, bibi akaanza kukohoa. Baba akaenda Kimamba kuazima mkasi wa bati, akakata mlango wa pili upande wa nyuma, akatundika mkeka katikati ya chumba. Bibi alikuwa bado anakunja mkeka wake ahamie ndani alipofika yule kijana. Akasema tunaharibu mali ya mradi, na tusipoziba tutafutwa kwenye orodha.

Bibi akaniita, maana hakuwahi kuzungumza na baba ana kwa ana. "Mwambie baba yako azibe. Wasije wakawanyima chakula kwa ajili yangu."

Baba akagongelea misumari. Sijawahi kumwona mtu akigonga misumari kwa uchungu vile. Bibi akarudi kibandani, na mvua zikaanza. Mama alimbembeleza aingie, akakataa kupita mlango wa mkwe wake. Alifia kwenye matete yaliyolowa.

Kwetu maiti haikai kibandani, kwa hiyo akina mama walimbeba wakamwingiza ndani kwa mlango ule ule. Majirani walimwita baba akaage. Alisimama nyuma ya bati, ameligeuzia mgongo, akajibu, "Siwezi. Mama yumo ndani."

Siku hizi heshima ile imekwisha. Mimi mwenyewe nakaa sebule moja na mkwe wangu tukitazama taarifa ya habari, tunacheka, na sioni aibu. Sisemi irudi. Nasema wale wa mradi waliikuta ikiwa hai, wakaijengea bati juu yake.

Baada ya mazishi yule kijana alikuja kutoa pole. Akatoa karatasi yake, akakata jina la bibi, kisha akamwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba sasa chumba kitatutosha.

Mama akamwambia asante.