Mtu Aliyeshika Mwisho wa Uzi

Kisa hiki sikukisikia kwa mtu. Kilinipata mimi, kwa miguu yangu hii, kwenye soko la Sake. Najua visa vya namna hii hutokea usiku, karibu na makaburi, kwa mtu aliyetoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mimi sikuwa nimekunywa. Ilikuwa mchana, siku ya soko, watu wamejaa kama maharagwe kwenye gunia. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa imempata jirani.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kule kijijini kwetu Bihambwe waliniita Papa Kizingiti, papa kwetu ni baba, kwa sababu kila aliyekuja alinikuta nimekaa palepale mlangoni. Nilimaliza sekondari, nikapata diplome, nikaitundika ukutani, halafu nikakaa chini yake. Mke wangu, Mama Faustin, alikuwa anasema shule ilinifundisha kitu kimoja tu, kukaa kwenye benchi. Sasa fikiria: vita ikafika, na mtu asiyetoka nyumbani akawa mtu asiye na nyumba. Tunapanga chumba kimoja cha mbao hapa Sake. Hata kizingiti chake ni chembamba, kinaumiza.

Siku ya kukimbia tulikuwa watano. Faustin, mzaliwa wetu wa kwanza, kijana wa miaka kumi na tano, alirudi nyuma kufungua mbuzi ili asife amefungwa. "Muende, niko nakuja," alisema. Tulimngoja kwenye kijiji cha Kingi mpaka watu wa Kingi nao wakafunga mizigo. Hakufika. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima. Basi hatukukalia matanga. Utakaliaje matanga ya mtu ambaye labda sasa hivi anakula ugali huko Walikale? Na mke wangu hakubali aitwe jina lingine. Yeye ni Mama Faustin, basi.

Wakabaki Neema, wa miaka kumi na moja, na mdogo wake Baraka. Mashamba yetu yako kule juu, hatuyafikii. Kwa hiyo Neema alikuwa anashuka ziwani na mwanzi, kamba na ndoano, anarudi na visamaki vya urefu wa kidole, tunavitazama kwa heshima kabla ya kuvimeza. "Wakubwa wako mbali, Papa," alisema, "kule maji iko nyeusi. Muti haufike." Alikuwa amemwona mtu wa Goma akivua kwa kane, fimbo ya kuvulia, yenye mulineti, kile kidude cha kuzungusha uzi, akitupa ndoano mbali sana na kuirudisha taratibu. Tangu siku ile ikawa wimbo. Kane, kane, kane.

Na mimi, kama kawaida yangu, nilisafiri bila kuondoka. Nilisoma kwenye simu kila kitu juu ya kane za watoto wanaoanza. Ndani ya juma moja nilikuwa mtaalamu, mimi ambaye samaki nilimjua kwenye sahani tu. Nilimweleza mke wangu mpaka akaweka mwiko chini.

"Papa Faustin," akasema, "samaki haendake shule. Simama, peleka mutoto ku soko."

Basi nikasimama.

Mvua ilikuwa imetoka kuacha, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka upande wa barabara ya Masisi, kule tulikotoka. Tulipita kwa wauzaji wa okazyoni, wale wanaofungua mizigo ya vitu vilivyotumika vya Ulaya. Unajua mizigo ile. Viatu vyenye magurudumu. Fimbo za kutelezea theluji. Mama mzee mmoja alinunua mbili mbele yetu akaondoka nazo kama jenerali. Mwishoni kabisa, karibu na barabara, papa mmoja mwembamba alikuwa ametandika shitingi, turubai la plastiki, yenye kane tu. Nilifurahi. Nikachukua ile ndefu kuliko zote.

"Papa, unatafuta ya wewe ao ya mutoto?" akaniuliza.

"Ya mutoto."

"Basi weka ile chini. Ile itamuchokesha mukono, kesho mutaanikia nguo."

Watu wakacheka. Mimi pia. Niamini, huyo mtu alijua kazi. Alisimamisha kane moja fupi pembeni ya Neema, ikampita kidogo tu kichwa. "Hii njo ya kuanzia," akasema, yaani ndiyo. Akaikunja ncha ikarudi haraka, bila kulegea. Akapitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete inayobeba uzi, na kunieleza kwamba pamba ikikamata, pete imepasuka, na pete iliyopasuka inakula uzi. Akachagua mulineti uliofunikwa, wenye kibonyezo kimoja, maana ule wa wazi unamfungia mutoto mafundo mpaka analia. Akauzungusha karibu na sikio la Neema. "Unasikia mchanga unakwaruza ndani?" "Hapana." "Basi ni muzima." Ndiyo yaleyale niliyosoma kwenye simu, isipokuwa yeye hakuchukua juma moja.

Bei aliyotaja ilikuwa bei ya kuku, tena kuku mgonjwa. Nikashangaa.

"Rahisi hivi, juu ya nini?"

"Ujaribu kwanza. Utalipa ukiridhika. Mutoto ashike kane, mimi nitashika uzi. Mimi njo samaki."

Watu wakacheka tena. Ndipo nikaona vidole vyake alipokuwa anachukua mwisho wa uzi. Kila kidole kilikuwa na mifereji, uzi umekikata mpaka ndani, na ndani hakukuwa na damu, palikuwa peupe kama muhogo uliomenywa. Nilipaswa kusema nini? "Papa, pole na vidole"? Nikamshikisha Neema kane.

Akavuka barabara akiwa ameshika uzi, akaingia kwenye ukungu, upande wa Masisi. Mulineti ukaimba. Neema alikuwa anacheka, meno yote nje, na Baraka anaruka pembeni. "Samaki anakimbia! Samaki anakimbia!"

Uzi ukatoka, ukatoka. Mulineti wa mtoto hubeba uzi kidogo, hilo nililijua vizuri sana. Huu haukuisha. Pikipiki ikaja kasi na magunia ya makaa, nikapiga kelele, maana uzi ulikuwa umevuka barabara kwenye kimo cha kifua cha dereva. Pikipiki ikapita. Uzi haukukatika, na dereva hakugeuza hata kichwa. Umeelewa? Alipita ndani yake.

Halafu mulineti ukanyamaza.

Uzi ukavutwa mara mbili haraka. Ukatulia. Ukavutwa mara moja, polepole.

Neema akaacha kucheka. Akanitazama, uso wake sijauona vile tangu Bihambwe. "Papa," akasema kwa sauti ndogo, "iko Faustin."

Nikuambie kwa nini sikumgombeza. Wakati wa kuchunga, hao wawili walikuwa wanashika kamba moja ya mbuzi, na Faustin alikuwa na mchezo wake wa kumwangusha dada yake: mara mbili haraka, anangoja ajiegemeze nyuma, halafu moja polepole. Nani mwingine alijua? Muuza okazyoni? Nikashika kane juu ya mikono ya Neema. Ikaja tena. Mbili, moja. Niliisikia mpaka kwenye mabega. Mwana wangu alikuwa upande ule, na alikuwa anacheza.

"Zungusha, Papa! Zungusha!"

Nikazungusha. Mungu anajua nilizungusha kama mwehu. Ukungu ulikuwa unakuwa mweupe zaidi mbele yetu, na uzito ulikuwa unakuja, nilikuwa na hakika unakuja. Nikawa naita, "Faustin! Njoo, tuko hapa!" Baraka naye anaita. Watu wa soko wakageuka.

Mama mmoja anayeuza miwa pale kando, Mama Chantal, akasimama na kisu chake mkononi.

"Papa, uko navuta nini?"

"Mutoto wangu!"

"Angalia miguu yenu!"

Nikaangalia. Tulikuwa katikati ya barabara. Nyuma yetu, kwenye matope, kulikuwa na mistari minne mirefu, ya visigino vyangu na vya Neema. Uzi haukuwa umerudi ndani ya mulineti hata urefu wa mkono. Kila nilipozungusha mara moja, ni sisi tuliosogea hatua moja. Baraka aliachwa kule kwenye shitingi, analia, na sikuwa nimemsikia.

Nikaacha kuzungusha. Haikusaidia. Tukaendelea kusogea. Neema alikuwa amejifunga uzi kwenye kiganja, mara nyingi, na kiganja kilikuwa kimeanza kufanya mifereji. Hakulia. Alikuwa anatembea mwenyewe sasa, anatabasamu.

"Achilia, mama yangu," nikamwambia. Kwetu binti ni mama yako.

"Hapana. Iko karibu."

"Neema, achilia!"

"Papa, iko karibu sana!"

Mama Chantal akafika, akaniwekea kisu mkononi. Hakukata yeye. Alisema tu, "Wako njo huyu unaona."

Nikakata.

Hakukuwa na sauti ya mtu, usisubiri nikuambie kulikuwa na sauti. Uzi ulikatika kama uzi. Tulianguka kinyumenyume kwenye matope, na ile sehemu nyingine ikaondoka juu ya barabara, haraka, ikaingia kwenye ukungu. Neema alinipiga kwa ngumi mpaka wakamwondoa juu yangu.

Tuliporudi kwenye shitingi, yule papa hakuwapo. Wauzaji wote walikuwa wamemwona, hilo ujue, si mimi peke yangu. Wa kwanza alisema alifikiri ni ndugu wa wa pili. Wa pili alifikiri ni mgeni wa wa tatu. Hakuna aliyemjua, na kane zake zilibaki pale mpaka jioni, hakuna aliyezigusa, hata wezi, na wezi wa Sake unawajua.

Mke wangu nilimweleza nikiwa bado na matope. Nilitegemea atapiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulikata?"

"Alikuwa anaondoka na Neema."

Akatingisha kichwa kwamba amesikia. Halafu akaenda kuosha kiganja cha mtoto.

Kesho yake wanawake wa hapa, waliokwisha kusikia, walikuja na mikeka na kuni. Walisema anayevuta kutoka upande ule amekwisha kufa, basi tukae matanga, tumwachilie mutoto apumzike. Mke wangu alisimama mlangoni. "Mufu havutake," akawaambia. "Mwenye kuvuta iko na mukono." Wakarudi na kuni zao. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na diplome yangu yote, na sikujua nani ana haki. Mpaka leo sijui. Zamani hatukujua kama ni mzima ao amekufa. Sasa hatujui hivyo hivyo, ila tunajua kwamba alituvuta, na kwamba nilikata.

Kiganja cha Neema kilipona, mifereji ikabaki, haichukui rangi. Ananisalimia asubuhi kama mtoto aliyefundishwa adabu. Zaidi ya hapo haongei na mimi. Ziwani haendi tena. Baraka ndiye anaenda, na mwanzi.

Na Mama Faustin, kila jioni watoto wakilala, ananyoosha mkono wake gizani. "Nivute vile alivuta." Ninamshika kifundo, ninamvuta, mbili haraka, ninangoja, moja polepole. "Tena," anasema. Ninarudia. Siku hizi mkono wangu unasahau kidogo, kungoja kunakuwa kurefu ao kufupi, na ninaona kwamba yeye anajua.

Basi wewe unayetafuta kane ya mutoto, nisikilize. Chukua fupi. Chukua nyepesi. Pitisha pamba kwenye pete. Na ukitaka kujaribu mulineti, mwisho wa uzi ufunge kwenye mti ao kwenye jiwe, usimpe mtu usiyemjua aushike, hata akiwa na maneno matamu, hata akijua kazi kuliko wewe. Na kama umekwisha kumpa, na uzi umevutwa, na aliye upande ule unamjua, hapo usiniulize kama ukate. Kisu nilikishika mimi, na bado siwezi kukuambia.