Haidar na Njiwa wa Mashuani

Mdogo wangu Haidar ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, na kanzu nyingi mnazoziona Ijumaa zikielekea msikitini zimepita mikononi mwake. Lakini mkimwulizia mjini kwa ufundi wake mtazungushwa. Ulizeni Haidar wa Ndege, hata mtoto atawapeleka mlangoni.

Jina hilo alilipata angali mdogo. Mimi nilikuwa darasa la tano, na darasa la tano la enzi zetu mtu alikuwa anaandika barua za mtaa mzima. Siku moja ndege ndogo ilipita chinichini juu ya minazi ikielekea Pangani. Haidar akaikimbilia mpaka pumzi zikamwishia. Kesho yake akakata ungo wa mama vipande viwili, akajifunga mabegani kwa kamba ya usumba, akapanda paa la jiko. Nilikuwa uani naosha vyombo. Nikasikia, "Dada, nitazame," na nilipogeuka alikuwa keshafika chini. Mkono wa kushoto ulivunjika kiwikoni. Ukaungwa, ukaungika kwa kupinda, na hadi leo haunyooki.

Baba akasema mkono ule hauvuti wavu wala haukwei mnazi, akampeleka kwa fundi sokoni. Kumbe mkono uliopinda unakaa vizuri kwenye cherehani, kama uliopimiwa. Hivyo ndivyo ndugu yangu alivyopata kazi, mke, nyumba na watoto. Kwa kuanguka.

Ila ndege hazikumtoka. Zamani alizifuata redioni, siku hizi anazifuata kwenye simu, miwani puani na sindano mdomoni. Atakwambia ndege ipi ya kivita ina injini moja na ipi ina mbili, na kwa nini watu wa baharini wanapenda mbili. Atakwambia kwamba ikitua juu ya meli ya kubebea ndege hushusha ndoana mkiani, ndoana ikanasa waya uliotandazwa, la sivyo imepitiliza majini. Na kwamba pembeni ya meli husimama mtu wa kumwelekeza rubani: uko juu mno, uko chini mno, ondoka ukazunguke tena. Mtu huyo Haidar anampenda kuliko rubani mwenyewe.

Mbele ya duka lake kuna baraza ya mawe, na baada ya sala ya alasiri hujaa. Mwishehe muuza kahawa huliweka dele lake hapo, maana anajua wateja hawaondoki. Na Abdala hutoka Mlingotini kwa pikipiki kuja kubishana. Huyu Abdala ni muunda mashua, na alikuwa chuo cha Kurani pamoja na Haidar tangu alifu kwa kijiti. Watu walioliana mihogo utotoni hawaogopani. Kijana wake, Farhan, alikuwa amekwisha kumposa Naila, kitinda mimba wa Haidar, na posa ilikuwa imekubaliwa. Ilibaki siku ya kupokea mahari. Kwetu sisi siku hiyo baba wa mume na baba wa mke hushikana mikono mbele ya watu, Fatiha ikasomwa. Pasiposhikwa mikono, hapana harusi.

Ndipo ilipoingia habari ya jeshi la watu.

"Jeshi moja la ng'ambo," Haidar akaanza jioni hiyo, "linatafuta ndege mpya za kufundishia marubani wa melini. Na wanasema mwanafunzi hatatua tena juu ya meli akiwa shuleni. Atajifunza nchi kavu, kiwanja kimechorwa umbo la meli, na kwenye mashine za kuigizia kuruka. Meli ataikuta akishahitimu."

Abdala akaweka kikombe chini. "Basi watakwisha."

"Hawaishi. Siku hizi ndege yenyewe inamsaidia rubani kushika mstari."

"Kiwanja kinayumba? Kina mawimbi? Mtoto wa mvuvi humfundishi kuogelea kwenye beseni."

"Na mwanafunzi wa cherehani humpi hariri siku ya kwanza," Haidar akasema. "Anakata mfuko wa simenti mpaka mkono ukae sawa. Hariri ina mwenyewe. Na ndege zile zina wenyewe, ni kodi za watu."

"Ndiyo hapo sasa. Wanakwepa kununua ndege yenye miguu migumu, ya kuhimili kishindo cha melini. Wanataka ya laini, eti rahisi. Mimi mtu akiniambia nimuundie mashua rahisi namwuliza kama anajua kuogelea."

Mwishehe akamimina kahawa. "Wazee wangu, jeshi hilo lina habari kwamba bajeti yake inapitishwa hapa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa dirishani mwa nyumba yake nachambua mchele, nikacheka pia. Lau ingeishia hapo. Lakini Abdala akiona watu wanacheka huongeza chumvi. Akasema, "Msimshangae mwenzenu kutetea nchi kavu. Yeye ndiye mwanafunzi wao wa kwanza. Alijifunzia paa la jiko. Mtazameni mkono."

Kicheko kikakatika. Tangu mama yetu afariki hakuna aliyewahi kuutaja mkono ule hadharani.

Haidar akavua miwani, akaikunja. "Wallahi," akasema, polepole kama anayepima kitambaa, "sitampa mkono Abdala, huu uliopinda wala ule ulionyooka, mpaka nione kwa macho yangu chenye mabawa kikitua juu ya chombo kinachokwenda majini, na kiwe hakikufundishwa kwanza nchi kavu."

Akaingia dukani. Abdala akawasha pikipiki bila kumaliza kahawa yake.

Sasa mtu na akili zake amekula yamini, na siku ya mahari iko wiki mbili mbele, na wageni wetu wa Kerege wamekwisha kuarifiwa. Nilikwenda kwa sheikh. Akaniambia yamini ina kafara: mtu hulisha masikini kumi, au huwavisha, mambo yakaisha. Nikarudi mbio kumwambia Haidar.

"Kafara ni ya aliyekosea, dada," akanijibu, anasukuma kitambaa chini ya sindano. "Mimi nimekosea nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama Naila. Anafundisha chekechea, mtoto mpole, lakini jioni ile alikuwa na uso wa mama yangu. "Shangazi," akasema, "kwa hiyo mimi naachika kwa sababu ya meli ambayo hata Tanzania haipo?"

Cherehani ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Nikajua yamemwingia. Nikajua pia kwamba hatarudi nyuma, maana tumezaliwa tumbo moja na mimi najijua.

Asubuhi nikachukua bajaji hadi Mlingotini. Nilimkuta Abdala bandani mwake, amekaa juu ya gogo mojawapo ya yale ya kuegeshea mashua inapoundwa, amenyong'onyea, kofia mkononi.

"Shikamoo, dada Rukaya."

"Marahaba. Umeridhika?"

"Nilitania, dada. Ulimi wangu hauna nanga."

"Nanga utaitafuta baadaye. Nipe maji."

Alipokwenda kuniletea maji nilitazama pwani. Mashua yake mpya, yenye mashine, ilikuwa imekwisha kushushwa majini, inaelea karibu na ufuko. Na juu ya sitaha nikaona njiwa wawili wanatembeatembea kama wenye nyumba.

"Wale wa nani?"

"Wa mashua," Abdala akasema. "Mama yao aliatamia humo humo, chini ya sitaha ya mbele, sikuwa na moyo wa kumtoa. Wamezaliwa humo, wamekulia humo. Nimewawekea kizimba. Nikienda mbali kidogo wanaruka, wanazunguka, wanarudi."

"Wanarudi mashua ikiwa inakwenda?"

Akanitazama. Nami nikamtazama. Kofia ikarudi kichwani.

Nilimwambia Haidar usiku ule ule, bila kumzungusha. "Yamini yako ina mpaka, na mpaka wake ni macho yako. Jumamosi tunakwenda Mlingotini ukaone."

"Njiwa si ndege ya kivita."

"Ulisema chenye mabawa. Baraza zima limesikia, na Mwishehe amekwisha kuisambaza hadi Makurunge."

Akafikiri, kisha akauliza, "Lakini mashua itakuwa inakwenda? Si kuelea. Kwenda." Nikaona macho yanamng'aa, nikajua nimempata.

Jumamosi nusu ya baraza ilikuja, na Mwishehe na dele lake. Tulipanda mashuani watu watatu: Abdala kwenye mashine, Haidar katikati kama hakimu, na mimi mbele, kwa sababu bila mimi wangekaa kimya mpaka Unguja. Farhan alibaki ufukoni na njiwa kwenye tenga. Naila alisimama mbali naye, kama inavyopasa, pamoja na wanawake, upepo unamvuta buibui.

Tulipofika mbali kiasi, Abdala akaigeuza mashua, ikawa inakwenda sambamba na pwani. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, mashua inainuka na kushuka. Nikapunga kanga. Farhan akafungua tenga.

Njiwa wakapanda juu, wakazunguka. Mmoja akageuka kabisa, akaenda zake kutua juu ya banda la Abdala ufukoni. Watu wa pwani wakaguna mpaka tukawasikia. Abdala akasema kwa sauti ndogo, "Huyo siku zote mvivu."

Wa pili akatufuata. Akaja chini, akalenga kizimba, na hapo hapo wimbi likainua mashua. Akapita juu ya vichwa vyetu, akapanda tena. Akazunguka, akaja. Akapita tena. Safari hii alipopanda alianza kuelekea pwani.

Nilimtazama ndugu yangu. Kisheria alikuwa anashinda. Njiwa akirudi pwani, neno la Haidar limesimama, na Abdala hana la kusema maisha yake yote. Lakini Haidar hakuwa anamtazama njiwa. Alikuwa anatazama ufukoni, pale buibui linapopepea.

Akainuka. Mtu asiyependa bahari, akasimama juu ya sitaha, akavua kofia na kuishika mkono wa kulia. Akafungua mikono yote miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama mpini wa kata, akaanza kupunga. "Njoo," anamwambia njiwa. "Njoo, baba. Uko juu, shuka. Shuka kidogo. Abdala, punguza mwendo wewe, humwoni mtoto?"

"Si ulisema iwe inakwenda?"

"Iende, lakini iende kwa adabu. Shika upepo. Hapo. Hapo hapo."

Njiwa akageuka. Sijui ni kofia, sijui ni sauti, sijui ni njaa. Alikuja chini, Haidar anamshusha kwa mikono yake miwili, kiwiko kile kibovu kinapanda na kushuka pamoja na mashua. Safari ile hakupita. Alitua juu ya kizimba, akateleza, akakita kucha, akakunja mabawa kama mtu aliyefika kwake.

Kisha Haidar akageuka, machozi yanamtoka na anacheka, akamnyooshea Abdala mkono. Ule uliopinda. Abdala akaacha mashine ijiendee, akaushika kwa mikono miwili, akaubusu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Tazama mbele, utatupandisha mwambani," Haidar akasema. "Na nikwambie, bila mtu wa kupunga njiwa wako angekuwa pwani sasa hivi."

"Bila kuzaliwa melini asingeshuka hata ungepunga kanzu kumi."

Wakaanza. Tulifika ufukoni wanabishana, na vigelegele vya wanawake vikawapokea bila kuwanyamazisha. Mwishehe alisema kahawa ya siku hiyo anaitoa sadaka, jambo ambalo Bagamoyo bado inalizungumza.

Mahari ikapokelewa, mikono ikashikwa, Fatiha ikasomwa. Nikaha ikafungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, Naila akatoka ndani amewaka kama karafuu mbichi kwenye jua. Mimi nilikuwa na neno kifuani tangu Jumamosi ile, nikawa nimelikalia. Nililisubirisha mpaka bwana harusi akamaliza kuingia ndani, na wazee wawili wakawa uani kwenye sinia moja la biriani, mikono imejaa.

Nikakaa karibu nao. "Abdala," nikamwuliza, "njiwa wako walizaliwa mashuani, ndivyo?"

"Mashuani hasa, dada. Hawajafundishwa pengine."

"Na mashua wakati huo ilikuwa wapi?"

Mkono wa Abdala ukasimama njiani kuelekea mdomoni. Mashua ilikuwa bandani, juu ya magogo, mchangani. Magogo yale mimi niliyaona kwa macho yangu, na nilimwona yule njiwa mvivu alivyorudi pale pale alipoanguliwa.

Haidar alichelewa kidogo kuelewa. Kisha akaegemea ukuta, akacheka mpaka akakohoa. "Nchi kavu," akasema. "Umbo la meli, nchi kavu. Abdala, umewafundisha kama lile jeshi la ng'ambo linavyotaka."

"Na walipokwenda majini walifundishwa na nani?" Abdala akajibu, anatafuta pa kushika. "Kuzaliwa si kufundishwa."

"Sheikh hayuko mbali, tumwulize kuhusu yamini yako, maana mkono umekwisha kuutoa," nikamwambia Haidar.

"Usimsumbue, dada. Safari hii najua nimekosea wapi."

Wiki iliyofuata cherehani haikulala. Alishona kanzu kumi za watoto wa madrasa wasio na uwezo, kwa kitambaa chake mwenyewe, akaitoa kafara yake huku anaimba. Abdala alikuja kila jioni kukaa barazani, na kazi yake ilikuwa kumkatia nyuzi na kumwambia vifungo amevipanga upande upande.

Na jana, nikiwa dirishani, nimewasikia wameanza upya. Taifa jingine limeunda meli ya kubebea ndege, na bado halijaamua ndege za kununua.