Plastiki Iliyozimika Mgeta

Mwaka wa mwisho wa shahada yangu ya uzamili nilikuwa natengeneza plastiki inayopitisha umeme: utando mwembamba wa kijani kilichokolea, mdogo kama ukucha. Kwenye maabara yetu Morogoro mjini, kila nilipoupasha moto ulipitisha umeme kwa shida, na ukipoa ulipitisha vizuri. Hiyo ni tabia ya metali. Nilitamba nayo kweli.

Mama, mkulima wa kabichi huko Mgeta, alitamba kunizidi. Akamwomba paroko nipewe nafasi ya kuuonyesha kanisani baada ya misa. Bwana mifugo akaniazima mtungi wa nitrojeni ya maji, ile yenye baridi kali ya kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Mbele ya waumini nikaunganisha betri, utando na taa ndogo. Ikawaka.

"Sasa naupoza," nikasema. "Kwa kuwa una tabia ya metali, mtaona taa inavyong'aa zaidi."

Nikautumbukiza kwenye mtungi. Taa ikafifia, ikazimika kabisa.

Nikatikisa waya. Nikabadilisha betri. Wapi! Sikuwahi kuupima chini ya joto la chumba. Niliona hakuna haja. Nikaanza kueleza jambo ambalo mwenyewe nilikuwa silielewi.

Mama akainuka kwenye benchi. "Mtusamehe jamani, mtoto katoka safari, hata chai hajanywa." Akautoa utando kwa kuvuta waya, akaupokea kwenye khanga, akaupulizia pumzi. Taa ikarudi, kidogo kidogo. Kanisa likalipuka kwa vigelegele na makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Walikuwa wananipigia makofi kama mtoto wa chekechea aliyesahau shairi, mama yake akamkumbushia.

Niliposhuka mjini nilipima upya, digrii moja moja. Kumbe kuna mahali, chini ya joto la barafu, ambapo tabia inageuka: juu yake utando ni metali, chini yake umeme unazidi kukwama, mpaka utando unakuwa kihami, haupitishi kitu. Nilimpelekea msimamizi wangu mchoro nikidhani nimegundua.

"Hili linajulikana," alisema taratibu. "Hukusoma?"

Nilikunja mchoro wangu.

Tasnifu ilipita. Mama anataka nirudi kanisani niwaeleze watu kilichotokea. Anasema bado wanamuuliza. Namwambia nimebanwa na kazi. Nikipanda Mgeta Jumapili, nahakikisha nafika misa imeshakwisha na watu wametawanyika.