Jina Nililolitaja Barazani

Tulikuwa watu kumi na saba siku ile, kwenye baraza ya madrasa, na nitawataja kwa udugu wao tu. Majina yote ninayo, lakini sitayaandika. Alikuwepo mzee wa mtaa, ambaye ni mpwa wa marehemu mume wangu. Alikuwepo imamu wetu, aliyemuoa binti wa dada yangu. Walikuwepo wavuvi wawili, watoto wa mjomba wangu, na wake zao, ambao nao ni mtu na dada yake. Alikuwepo mkunga wa zamani, tuliyeolewa naye mwaka mmoja. Wengine sita ni wa mji wetu huu, wa upande wa Bodo, na ninakumbuka mpaka nguo walizovaa.

Kulia kwangu alikaa jirani yangu. Mimi mamangu aliugua nilipozaliwa, na aliyeninyonyesha ni mama wa huyu jirani, kwa hivyo ni ndugu yangu wa ziwa. Nyumba zetu zimeshikana ukuta mmoja. Mbele yetu, kwenye viti vya plastiki, walikaa wageni wawili: mkubwa mpya wa kituo cha polisi, na askari mwanamke, kijana, aliyepakata kitabu kikubwa cha jalada jeusi.

Yule mkubwa alisema maneno mazuri, simsingizii. Alivua kofia, akatuamkia wazee. Akasema polisi wa zamani alikuwa mtu wa kukimbiwa, polisi wa sasa ni mtu wa kuketi naye. Akatueleza habari za vijana wa mapanga kule Ukunda, na unga unaopitishwa kwenye mikoko, na watoto wa watu wanaovushwa mpaka kwenda kupigana vita visivyo vyao.

"Serikali haitaki tena kuja na bunduki kwanza," akasema. "Inataka kuja na kitabu kwanza. Tuujue mji, nyumba kwa nyumba."

Akauliza nani anaweza kumtajia watu wa kila nyumba. Mzee wa mtaa akanionyesha mimi.

"Yuko huyu, bwana mkubwa. Lakini ukimuanzisha usije ukalalamika. Atakuhesabia mpaka mbuzi na mama zao."

"Wacha ahesabu," akasema mkubwa, na watu wakacheka.

Mimi nilifurahi. Shule niliishia darasa la pili, na kuandika huku nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Lakini majina Mungu amenipa. Nilianza na nyumba ya mwanzo karibu na kisima, nikaenda mpaka ya mwisho, kila mtu na baba yake na babu yake. Yule askari mwanamke aliandika mpaka akawa anaukung'uta mkono.

Nilipomaliza, imamu akasema tufunge kwa dua. Sasa kwetu dua ya kufunga haiwi dua mpaka watajwe wasiokuwepo, wagonjwa na wasafiri, na kuwataja ni kazi yangu tangu alipofariki mama mkwe wangu. Nikawataja wagonjwa wawili. Nikataja wasafiri. Wa tatu alikuwa kijana wa jirani yangu. Nikasema jina lake na la baba yake na la babu yake, nikasema ametoka bila kumuaga mama yake, hajulikani aliko, Mwenyezi Mungu amrudishe salama. Wakasema amina. Kitabu kilikuwa bado kiko wazi.

Habari hiyo jirani yangu alinipa jikoni kwake wiki ileile, tukikuna nazi. Kijana alileta habari za mchumba, mama akamkataa yule msichana, na asubuhi yake kitanda kikakutwa kitupu. Alinililia. Hakuniambia nifiche. Baina yetu neno hilo halikuwa na haja ya kusemwa.

Siku ya kumi yalikuja magari mawili, kabla ya adhuhuri. Hawakuwa wale wa kwenye viti vya plastiki. Hawa walivaa magwanda ya madoadoa, nyuso zimefunikwa, na bunduki zilikuwa mikononi. Niliwasikia ukutani: sanduku linavutwa, godoro linapasuliwa, sufuria zinamwagwa. Mmoja alisimama uani na karatasi, akasoma jina kwa sauti. Babu wa yule kijana kwenye vitambulisho ana jina jingine kabisa. Lile lililosomwa uani ni la nyumbani, alilopewa utotoni, tunalijua sisi wazee watatu wanne. Mji mzima ulisikia, na mji mzima ukajua limetoka kinywa gani. Waliondoka na picha ya kijana waliyoitoa ukutani.

Kijana alikuwa Tanga, anajenga nyumba za watu. Alipiga simu mwezi uliofuata kuomba radhi, ndipo mama yake akamweleza yaliyotokea. Akajibu, "Mama, wana picha yangu. Sivuki mpaka jina langu litolewe kwenye hicho kitabu." Mpaka leo hajavuka.

Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningejibu. Visahani tu viliacha kupita ukutani. Mwezi wa Ramadhani nilipeleka uji wa mtama, nikarudishiwa bakuli limeoshwa, limeletwa na mtoto wa jirani wa tatu. Nikiingia penye matanga, wanawake wanaanza kuzungumza habari za mvua. Dua za Ijumaa sasa wasafiri husomwa kwenye karatasi na msichana wa madrasa, na wasafiri wamekuwa wachache sana, kana kwamba hakuna tena anayetoka mji huu. Wanangu wako Mombasa, hunipigia simu. Namsikia jirani yangu akikohoa, akitwanga, akisali. Najua kifua kinapombana kabla hajajua mtu mwingine. Na sina ruhusa ya kumuuliza.

Mwaka huu nikaenda kituoni peke yangu. Nilimkuta yule askari mwanamke, akanijua, akanitolea kiti.

"Shikamoo, shosho," akasema, kama wasemavyo watu wa bara.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutoa jina. Mimi ndiye niliyelitia, na mimi nalitoa."

"Kitabu hakiko hapa. Kilichukuliwa."

"Na mkubwa wako?"

"Alihamishwa. Huyu wa sasa hata mimi bado namsoma."

"Na wale waliokuja na magari?"

"Hao si wetu, shosho. Hao wana wakubwa wao."

Nikamwambia, basi andika hapa kwamba kijana yuko kazini, anapiga plasta, na aliyemtaja ni kikongwe aliyekuwa akiomba dua. Aliandika, nami nikatia sahihi yangu mwenyewe, si kidole. Kisha akasema itafaa kijana aje mwenyewe aandikishe.

"Na mkimshika?"

Alifunika kalamu. "Siwezi kukuapia," akasema. "Mimi niliandika nilivyosikia."

Sikumkasirikia. Hata mimi nilisema nilivyojua.

Nilirudi, nikapiga hodi mlango wa pili kwa mara ya kwanza tangu siku ya magari. Jirani yangu alifungua nusu.

"Karibu, bibi," akasema. Tangu utotoni hajapata kuniita hivyo. Mimi kwake ni dada.

Nilimweleza yote nimesimama, habari za kitabu, za wakubwa, na sahihi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante kwa miguu yako," akasema. "Mwanangu hatakuja kwa hiyo karatasi, na mimi sitamwambia aje."

"Nisamehe, ndugu yangu. Ilinitoka tu."

"Haikukutoka. Nilikufinya. Ulipomtaja msafiri wa pili nilikufinya paja, ukaniangalia, ukaendelea."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu.

Mimi nakumbuka viti vya plastiki, nakumbuka kanga zote, nakumbuka majina yote niliyoyasema na mpango wake. Kufinywa sikumbuki. Nimejaribu miezi hii yote. Kama nilifinywa nikaendelea, basi haikuwa dua peke yake, ilikuwa na raha ya kusikilizwa na wakubwa, na hilo sharti nilijue kabla sijafa. Nyinyi kumi na watatu wa mji mliobaki mlikuwepo, na wengine mlikaa mkabala nasi. Kama mliona mkono wake, na kama mliona macho yangu, nisahihisheni. Msiniandikie wala msinitumie mtu. Njooni wenyewe mniambie. Nipo nyumbani siku zote.